Ernest Hemingway: Msafiri aliyeanguka na ndege mara mbili Uganda akapona

KISUGU, Kampala – Gari la watalii likiondoka Kisugu alfajiri, likakata jiji na kushika barabara ya Bombo kupitia Luweero na Nakasongola, adhuhuri huwa limeshafika Masindi. Jioni hiyo hiyo abiria wake wanaweza kuona tembo, viboko na mto Nile ukibanwa kwenye mwamba katika maporomoko ya Murchison. Ni mwendo wa takriban kilomita 300.

Januari 1954, mtu mmoja mashuhuri alikwenda kuyaona maporomoko hayo kwa njia iliyokuwa ya haraka kuliko zote, yaani ndege. Kutoka Entebbe mpaka kurudi Entebbe ilimchukua siku tatu. Alipanda ndege mbili na zote zikaanguka. Magazeti ya nchi nyingi yakatangaza kuwa amekufa.

Mtu huyo ni Ernest Hemingway, mwandishi wa vitabu kutoka Marekani. Wengi wanamfahamu kwa vitabu vyake na kwa uwindaji wake. Hata hivyo, kwa wenye malori, maboti na mizigo, kisa chake cha Uganda kina somo jingine. Aliyemtoa porini hakuwa rubani bali boti ya kukodi, na kilichomfikisha Entebbe ni barabara ya biashara ya Butiaba na Masindi.

Dereva wa gari la wagonjwa

Hemingway alizaliwa tarehe 21 Julai 1899 katika mji wa Oak Park, jimbo la Illinois, karibu na Chicago. Baba yake alikuwa daktari aliyependa uvuvi na uwindaji, na ndiye aliyemfundisha mwanawe kushika bunduki angali mdogo.

Alipomaliza shule mwaka 1917 hakwenda chuo kikuu. Alipata kazi ya uandishi wa habari katika gazeti la Kansas City Star. Mwaka uliofuata alijiunga na Msalaba Mwekundu wa Marekani na kupelekwa Italia kuwa dereva wa gari la wagonjwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 8 Julai 1918, akiwa hajatimiza miaka 19, alijeruhiwa vibaya miguuni na kombora alipokuwa akiwapelekea askari mahitaji yao karibu na mstari wa mbele.

Baada ya vita aliishi Paris akiandikia gazeti la Toronto Star. Riwaya zake mbili, The Sun Also Rises ya mwaka 1926 na A Farewell to Arms ya mwaka 1929, zilimpa jina na fedha. Ndipo alipoanza kuitazama Afrika Mashariki.

Bandari ya Mombasa, 1933

Mwezi Desemba 1933 Hemingway aliteremka Mombasa kutoka meli ya General Metzinger iliyotokea Marseille kupitia mfereji wa Suez. Alikuwa na mke wake wa pili, Pauline, na rafiki yao Charles Thompson. Gharama za safari zilibebwa na ami tajiri wa Pauline. Kutoka Mombasa walipanda gari moshi hadi Nairobi, njia ile ile ambayo mizigo ya Uganda ilikuwa ikipita.

Mwindaji aliyewaongoza ni Philip Percival, mkulima wa Machakos. Msafara wao wa magari uliingia Tanganyika na kuzunguka Serengeti, Ziwa Manyara, Babati na Kondoa hadi upande wa Handeni.

Januari 1934 Hemingway aliugua ugonjwa wa kuhara damu. Ndege ndogo ilimchukua kutoka porini kumpeleka Nairobi kutibiwa, na njiani ikapita karibu na mlima Kilimanjaro. Safari hiyo ya angani ilimwokoa. Pengine ndiyo maana miaka 20 baadaye hakuwa na wasiwasi na ndege ndogo.

Kutokana na safari hiyo aliandika kitabu cha Green Hills of Africa, kilichotoka mwaka 1935, na hadithi fupi mbili zilizotoka mwaka 1936. Mojawapo, The Snows of Kilimanjaro, inamhusu mtu anayekufa porini kwa kidonda kilichoanza kama mkwaruzo wa mwiba. Kinachomkwamisha huko ni jambo ambalo kila mwenye lori analijua: oili haikuangaliwa, beringi ikaungua, lori likafa mbali na mji. Kidonda kidogo na lori bovu, vikikutana, vikawa kifo.

Bwana nyama wa heshima

Alirudi Mombasa kwa meli mwezi Agosti 1953. Safari hii alikuwa na mke wake wa nne, Mary, aliyekuwa mwandishi wa habari. Umaarufu wake ulikuwa umepanda zaidi, kwani kitabu chake kuhusu mvuvi mzee wa Cuba, kilichotoka mwaka 1952, kilikuwa kimempatia tuzo ya Pulitzer.

Kenya aliyoikuta ilikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Idadi ya watalii ilikuwa imeshuka. Serikali ya kikoloni ilifurahi kumpata mgeni ambaye dunia ingesoma habari zake, na jarida la Look la Marekani lilimlipa kwa ajili ya kuandika. Percival, ambaye alikuwa amestaafu, alirudi kazini kumwongoza rafiki yake.

Walipiga kambi Salengai na baadaye Kimana, katika nchi ya Wamasai chini ya Kilimanjaro. Huko Hemingway alipewa cheo cha bwana nyama wa heshima, yaani msimamizi wa wanyamapori asiye na mshahara. Alikuwa ameanza kubadilika. Bado aliwinda, lakini muda mwingi aliutumia kuwatazama wanyama na kuwahudumia wanakijiji waliokuja kulalamika kuwa simba wanakula ng'ombe au tembo wanakanyaga mashamba.

Zawadi ya Krismasi

Mary alikuwa na hamu ya kuiona Kongo na maziwa makuu. Mumewe akamwahidi safari ya ndege kama zawadi ya Krismasi. Wakakodi ndege ya Cessna 180 na rubani wake, Roy Marsh.

Tarehe 21 Januari 1954 waliruka kutoka uwanja wa Nairobi West, ambao sasa ni Wilson. Walipita juu ya Ngorongoro na Serengeti, wakafika Mwanza, kisha wakalala Bukavu, mji ambao Wabelgiji waliuita Costermansville. Siku ya pili walifuata mstari wa maziwa hadi Entebbe. Kwa siku mbili walikuwa wamepita Kenya, Tanganyika, Kongo ya Wabelgiji na Uganda, njia ambayo lori la leo likiifuata barabarani litagonga mihuri mingi mipakani.

Tarehe 23 Januari, siku ya Jumamosi, waliondoka Entebbe kwenda kuyatazama maporomoko ya Murchison kutoka angani.

Hifadhi hiyo ilikuwa na umri wa miaka miwili tu, kwani ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1952. Ndiyo kubwa kuliko zote Uganda, ikiwa na karibu kilomita za mraba 3,900. Maporomoko yalipewa jina la Mwingereza Roderick Murchison na msafiri Samuel Baker alipofika hapo mwaka 1864. Ardhi hiyo haikuwa tupu tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi kwa sababu ya ugonjwa wa malale unaoletwa na mbung'o. Watu walipoondoka, wanyama wakajaa.

Waya wa simu

Marsh aliizungusha ndege juu ya maporomoko ili Mary apate kupiga picha. Ghafla kundi la kwarara, ndege wakubwa wa majini, likatokea mbele yao. Rubani alishusha Cessna kuwakwepa, na mkia ukanasa waya wa zamani wa simu uliokuwa umevutwa juu ya korongo.

Ndege haikuweza tena kupanda. Marsh aliielekeza kwenye vichaka, mbali kidogo na mto wenye mamba, akaitua kwa kishindo kilomita chache kutoka maporomoko. Wote watatu walitoka hai. Mary alivunjika mbavu mbili, na Hemingway aliumia bega na mgongo. Redio ya ndege haikupata jibu.

Walipanda kwenye kilima, wakawasha moto na kulala hapo na chakula kidogo walichookoa. Usiku kucha walisikia viboko na tembo. Tembo walikuwa kati yao na mto, hivyo hata kuteka maji kulihitaji tahadhari.

Wakati huo huo ndege ya abiria ya shirika la BOAC ilipita juu na kuona mabaki ya Cessna. Haikuona mtu yeyote. Taarifa ikaenda Entebbe, na kutoka Entebbe ikaenda duniani: Hemingway na mkewe wanaaminika kufa. Kila aliyewahi kusubiri lori lililopotea njiani anaijua hali hiyo. Mtu mmoja anaona chuma kilichopinda barabarani, hasimami kuuliza, na kabla ya jua kuzama familia ya dereva imeanza msiba.

Boti iliyokodiwa na daktari wa Kampala

Asubuhi ya Jumapili waliokwama kilimani waliona boti nyeupe ikipanda mto. Iliitwa Murchison. Ilikuwa imekodiwa na Ian McAdam, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliyekuja na familia yake kuona wanyama na kusherehekea miaka 50 ya ndoa ya wakwe zake. Baadaye daktari huyo alikuwa profesa wa upasuaji Makerere.

Kwa hiyo walioanguka kutoka angani waliokolewa na watu wa Kampala waliotoka matembezi ya kawaida, kwa chombo cha kawaida, katika njia ya kawaida. Daktari aliwaangalia majeruhi, na boti ikateremka na Nile kuingia Ziwa Albert na kufika Butiaba jioni.

Butiaba ya wakati huo haikuwa kijiji cha wavuvi tu. Ilikuwa bandari muhimu ya shirika la reli la Afrika Mashariki. Mizigo iliyotoka Mombasa ilifika Jinja na Namasagali kwa gari moshi, ikavuka Ziwa Kyoga kwa meli hadi Masindi Port, ikapanda malori kupitia Masindi mjini hadi Butiaba. Hapo ilipakiwa tena melini kwenda Mahagi upande wa Kongo, au Pakwach na Nimule kuelekea Sudan. Meli, reli na lori vilifanya kazi kwa tiketi moja na ratiba moja. Wafanyabiashara wa Kihindi, wa Kongo na wa Uganda walikutana kwenye gati hilo hilo.

Ndege ya pili

Pale Butiaba walimkuta rubani Reginald Cartwright, aliyekuwa ameshinda akiwatafuta kwa ndege ya injini mbili aina ya De Havilland Rapide. Alikuwa tayari kuwapeleka Entebbe jioni ile ile.

Jua lilikuwa linazama. Kiwanja kilikuwa kibovu, chenye matuta. Ndege ilikimbia ikirukaruka, ikainuka kidogo, ikaanguka na kushika moto.

Roy Marsh alivunja dirisha akamtoa Mary. Hemingway alikuwa mtu mwenye mwili mkubwa, asingepita dirishani. Mlango ulikuwa umekwama. Akaupiga kwa bega na kwa kichwa mpaka ukafunguka. Wote walipona, lakini pigo lile lilimpasua fuvu. Aliumia pia uti wa mgongo, ini na figo, akaungua, na kwa muda akapungukiwa na uwezo wa kuona na kusikia upande mmoja.

Motoni viliteketea pasi zao za kusafiria, fedha taslimu, hati ya benki ya kuchukulia fedha, miwani yake na filamu nyingi za picha walizopiga safarini. Yaani walibaki ugenini bila karatasi na bila senti, hali ambayo mfanyabiashara wa mipakani anaiogopa kuliko hasara ya mzigo.

Haikuwa lazima kuruka jioni ile. Barabara ya Masindi ilikuwepo, na saa chache baadaye ndiyo waliyoitumia. Usiku huo huo gari liliwapandisha milima ya bonde la ufa hadi Masindi, katika hoteli ya shirika la reli iliyojengwa mwaka 1923, ambayo ni hoteli kongwe kuliko zote Uganda. Kesho yake waliendelea kwa barabara hadi Entebbe.

Marehemu anasoma habari za kifo chake

Entebbe waandishi wa habari walikuwa wakimsubiri mtu ambaye magazeti yao yalikuwa yamekwisha kumzika. Mwanawe Patrick, aliyekuwa akiishi Tanganyika, alifika kwa ndege akiwa na fedha za kuwasaidia baba yake na Mary. Baada ya siku chache Hemingway alirudi Nairobi, na ni Roy Marsh aliyemrusha.

Magazeti yalipomfikia alisoma taazia zake moja baada ya nyingine. Nyingine zilimsifu kupita kiasi, nyingine zilidai kuwa maisha yake yote alikuwa akikitafuta kifo. Alizisoma kwa furaha na kuwachekesha wageni wake. Mzaha huo ulificha maumivu makali.

Badala ya kupumzika, Februari alikwenda kambi ya uvuvi ya Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya. Moto wa vichaka ulizuka, akataka kusaidia kuuzima, akaanguka ndani yake na kuungua tena miguuni, tumboni, kifuani na mikononi. Mwezi Machi aliondoka Mombasa kwa meli kwenda Venice, ambako madaktari walipata picha kamili ya majeraha aliyokuwa akiyabeba.

Oktoba 1954 alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Hakuweza kwenda Stockholm kuipokea kwa sababu ya afya yake. Hotuba yake ilisomwa na balozi wa Marekani nchini Sweden.

Alichokipoteza Butiaba

Mwili wake haukurudia hali ya zamani. Maumivu ya kichwa na mgongo yalimfuata Cuba na baadaye Marekani. Alikuwa mnywaji, na pombe ilizidi kuwa dawa yake ya maumivu. Maandishi marefu kuhusu kambi ya Kimana hakuyamaliza. Sehemu yake ilichapishwa na Patrick mwaka 1999, miaka mingi baada ya kifo cha baba yake.

Miaka ya mwisho alipatwa na sonona kali na kulazwa hospitalini. Tarehe 2 Julai 1961, nyumbani kwake Ketchum, jimbo la Idaho, alijiua kwa bunduki. Ugonjwa wake ulikuwa na sababu nyingi, na baba yake naye alikuwa amejiua mwaka 1928. Hata hivyo waandishi wengi wa maisha yake wanazihesabu siku mbili za Uganda kuwa mwanzo wa kuporomoka kwake.

Patrick alibaki Tanganyika akiwa mwindaji, kisha akawa mwalimu katika Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1963. Hivyo mtoto wa mwindaji alishiriki kuwafundisha Waafrika waliokuja kuzilinda hifadhi ambazo baba yake alikuja kuzitembelea.

Njia iliyobaki

Butiaba nayo ilipata ajali yake. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilipandisha maji ya maziwa, na bandari ikafurika. Meli ya Robert Coryndon, iliyokuwa fahari ya Ziwa Albert, ilizamia hapo. Reli ilipofika Pakwach mwaka 1964, mizigo ilikwisha kuhama. Safari ya tiketi moja kutoka Mombasa hadi Sudan kwa reli na maji ikafa.

Hifadhi ilipitia misukosuko yake. Wakati wa Idi Amin iliitwa Kabalega, kisha ikarudishiwa jina la zamani. Katika vita vya miaka ya 1970 na 1980 tembo waliuawa kwa wingi kwa ajili ya pembe. Baada ya amani kurudi, idadi yao imepanda tena. Ugunduzi wa mafuta katika bonde la Ziwa Albert ulileta barabara za lami hadi ndani ya hifadhi, na Paraa, mahali ambapo magari yalivuka Nile kwa pantoni, pamejengwa daraja.

Siku hizi malori yanayotoka Malaba na Kampala kwenda Arua, Kongo, Gulu, Elegu na Juba yanapita Karuma, pembeni mwa eneo hilo hilo la wanyama. Nyani hukaa kando ya lami wakisubiri chakula kutoka madirishani, na tembo huvuka barabara wanapotaka. Dereva anayefika hapo jioni, mzigo ukiwa umechelewa na simu ya mwenye mali ikiita, yuko katika hali ile ile ya watu waliosimama kwenye kiwanja cha Butiaba jua likizama, wamechoka, wameponea chupuchupu, na wameona chombo cha haraka mbele yao.

Nyuma ya malori mengi ya ukanda huu huandikwa maneno mawili: kawia ufike. Hemingway alikawia usiku mmoja kilimani na akafika Butiaba mzima. Alipokataa kukawia usiku wa pili, alifika Entebbe akiwa hai, lakini hakuwa mtu yule yule tena.